Majitaka ya Miji Yetu na Haki ya Jirani Aliye Bondeni

Mada kwa viongozi wa walei wa Njombe na Makambako





UTANGULIZI

Tulipotangaza kwamba mada ya leo ni majitaka, wako waliocheka, na wako waliouliza kama Tume ya Haki na Amani imeishiwa mambo ya kusema. Tumezoea kusikia Tume ikizungumzia mashamba yaliyoporwa, wajane waliofukuzwa katika nyumba za marehemu waume zao, au uchaguzi. Habari za vyoo twaona ni za Bwana Afya, tena ni aibu kuzitaja mbele ya altare.

Lakini wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humfichua. Na Maandiko Matakatifu hayaoni aibu hiyo. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, watu wa Israeli walioko kambini wanaagizwa kila mmoja awe na chombo cha kuchimbia, atoke nje ya kambi, achimbe, na afukie uchafu wake. Sababu inayotolewa ni kwamba Mungu mwenyewe hutembea katikati ya kambi ile. Hivyo tangu zamani taifa la Mungu lilifundishwa kwamba namna tunavyoondoa uchafu wetu ni jambo linalomhusu Mungu.

Tena katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 2, wazee wa Yeriko wanamwendea nabii Elisha, wanamwambia kwamba mji wao umekaa mahali pazuri, lakini maji yake ni mabaya na nchi haizai. Tukiusoma mstari huo, twaweza kudhani wazee hao walikuwa wa hapa kwetu. Nani asiyesifu mahali ulipokaa mji wa Njombe, juu ya milima, wenye baridi na hewa safi? Nani asiyeona jinsi Makambako ilivyokaa pazuri, penye makutano ya njia? Swali letu leo ni lile la pili: na maji je?

1. MIJI YETU INAKUA

Tuanze na mambo tunayoyaona kwa macho. Njombe imekuwa makao makuu ya Mkoa tangu mwaka 2012, mkoa wetu ulipotengwa na Iringa. Makambako, iliyo umbali wa kilometa 60 hivi kutoka Njombe, ilikuzwa na barabara kuu iendayo Zambia, na barabara ya Songea, na reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Katika sensa ya mwaka 2012 Halmashauri ya Mji wa Njombe ilikuwa na watu 130,223, na ile ya Makambako watu 93,827. Mkoa mzima ulikuwa na watu 702,097. Katika sensa ya mwaka 2022 walifika 889,946.

Watu hawa wote wanakula, wanakunywa, wanaoga, wanafua, na wanakwenda chooni. Wengi wa wenyeji wa miji yetu hutumia vyoo vya shimo, na wenye nyumba kubwa, hoteli, shule na nyumba za wageni hutumia makaro ya kuhifadhia majitaka. Shimo likijaa, mwenye uwezo huita gari la kunyonya majitaka. Asiye na uwezo huchimba shimo jingine, kama kiwanja chake kinatosha. Kiwanja kikiwa kidogo na mfuko mtupu, hungoja mvua kubwa za usiku, akalitapisha shimo, na uchafu ukachukuliwa na maji hadi bondeni.

Zamani, nyumba zilipokuwa mbali mbali na kila familia ina shamba, ardhi yenyewe iliweza kusafisha uchafu wetu. Sasa nyumba zimebanana. Kisima cha jirani mmoja na choo cha jirani mwingine vimetenganishwa na ukuta tu, ingawa wataalamu hushauri umbali usiopungua meta 30 kati ya choo cha shimo na kisima, na zaidi ya hapo choo kisiwe upande wa juu wa kisima.

2. MAJI YAKIJA, MAJITAKA HUFUATA

Kwa miaka mingi kilio chetu kikubwa kilikuwa maji ya bomba. Twashukuru kwamba kilio hicho kilisikika. Miji ya Njombe na Makambako, pamoja na Wanging'ombe, imo katika ule mpango wa maji wa miji 28 unaogharimiwa kwa mkopo wa dola za Marekani milioni 500 kutoka India, ambao mikataba ya ujenzi wake ilitiwa saini mwezi Juni 2022 mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Ni jambo jema, na kila mama aliyewahi kubeba ndoo kichwani akipanda kilima cha Njombe alfajiri ya mwezi wa Julai anajua thamani yake.

Lakini tufanye hesabu rahisi. Chukueni mji wa watu 100,000. Kila mmoja akitumia lita 50 kwa siku, mji huo utatumia lita milioni 5 kila siku. Kwa kawaida karibu sehemu nne katika tano za maji yaingiayo nyumbani hutoka tena yakiwa majitaka. Hizo ni lita milioni 4 kila siku. Kama tungetaka kuzibeba kwa gari lenye tangi la lita 10,000, tungehitaji safari 400 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwa ndani yake.

Mama aliyebeba ndoo moja kutoka mtoni hakuwa na majitaka mengi ya kumwaga. Alifua, akaogesha watoto, na yaliyobaki akamwagia mboga. Bomba likiingia ndani, choo cha kuvuta maji hufuata, na shimo lililokuwa likijaa kwa miaka kumi hujaa kwa miezi. Kwa hiyo kuleta majisafi bila kufikiri juu ya majitaka ni kufanya nusu ya kazi. Jina lenyewe la mamlaka zetu latukumbusha: ni Mamlaka za Majisafi na Usafi wa Mazingira. Tumezoea kudai lile neno la kwanza, na kulisahau la pili.

3. UCHAFU HUUMIZA NAMNA GANI

Si lazima tuwatishe. Nanyi mwajua homa ya matumbo, mwajua kuhara kunavyowamaliza watoto wachanga, na mwakumbuka kipindupindu. Katika mwaka 1997 peke yake zaidi ya watu 40,000 waliugua kipindupindu katika Tanzania, na zaidi ya 2,000 walifariki. Ugonjwa huo ulirudi kwa nguvu mwezi Agosti 2015 na kuenea katika mikoa mingi.

Lakini upo ugonjwa mmoja unaotuhusu sisi wa Nyanda za Juu Kusini kwa namna ya pekee, nao hautajwi sana. Ni ule wa tegu la nguruwe. Mtu mwenye tegu tumboni hutoa mayai yake pamoja na choo. Nguruwe aliyeachwa kuzurura akila uchafu huo, nyama yake huota vifuko vya tegu. Na mtu akila mboga au kunywa maji yenye mayai hayo, vifuko huweza kuota hata ndani ya ubongo wake, akapata kifafa. Ni mara ngapi katika jumuiya zetu mtu mwenye kifafa ametengwa, na jirani yake mzee akasingiziwa uchawi? Hivyo uchafu usiotunzwa huleta ugonjwa, na ugonjwa usioeleweka huvunja amani kati ya majirani. Mtaona kwamba haki na amani hazijakaa mbali na choo.

Mayai ya minyoo ni sugu. Huweza kukaa udongoni miezi mingi, hata miaka, yakiwa hai. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba majitaka yaliyosafishwa yasitumike kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi kama yana zaidi ya yai moja la minyoo katika kila lita.

4. MAJITAKA HUSAFISHWAJE

Watu wengi hudhani kusafisha majitaka kunahitaji mitambo ya Ulaya. Si lazima. Katika nchi yetu miji kama Iringa, Morogoro, Moshi na Dodoma hutumia mabwawa, na kazi kubwa hufanywa na jua, hewa, muda, na vijidudu visivyoonekana kwa macho.

Bwawa la kwanza huwa la kina kirefu, meta 2 hadi 5. Humo tope hutuama, na vijidudu visivyohitaji hewa hula sehemu kubwa ya uchafu. Bwawa la pili huwa pana zaidi na la kina cha meta 1 hadi 2. Mwani wa kijani huota juu yake, hutoa hewa, na hewa hiyo huwapa nguvu vijidudu vya aina nyingine kumaliza kazi. Mabwawa ya mwisho huwa na kina kama cha meta moja, ili mwanga wa jua uue vijidudu vya magonjwa. Mayai ya minyoo, kwa kuwa ni mazito, huzama chini njiani. Kwa upande wa magari yanayonyonya makaro, hujengwa vitanda vya mchanga na kokoto vya kukaushia tope.

Hapa yatupasa kusema neno moja juu ya baridi yetu. Vijidudu hivyo hufanya kazi polepole mahali penye baridi. Kwa hesabu wanazotumia wahandisi, bwawa la pili lililo mahali penye joto la nyuzi 15 linahitaji eneo kubwa zaidi ya mara mbili kuliko bwawa la kazi ile ile mahali penye nyuzi 25. Maana yake ni kwamba mchoro uliotengenezwa kwa ajili ya mji wa joto hauwezi kuletwa Njombe kama ulivyo. Na maana yake nyingine ni kwamba ardhi ya kutosha inapaswa kutengwa mapema, kabla haijakatwa viwanja vyote. Mji usiotenga ardhi leo, kesho utalazimika kuwaondoa watu katika nyumba zao ili upate mahali pa mabwawa, na hapo Tume ya Haki na Amani itaitwa kusuluhisha ugomvi ambao ungeweza kuepukwa.

Kwa shule, hospitali na nyumba za watawa ipo njia ndogo zaidi: majitaka hupitishwa kwanza katika karo lililojengwa vizuri, kisha katika kitanda cha kokoto kilichopandwa matete, na mizizi husaidia kuyasafisha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeifanyia njia hii utafiti kwa miaka mingi.

5. TULIYOYAONA BONDENI

Ndugu wapendwa, hatuwezi kuwafundisha wengine kabla ya kuungama yetu.

Wakati mmoja wa kiangazi akina mama wanaolima vinyungu katika bonde fulani walitujia kulalamika. Ninyi nyote mwajua vinyungu; ndivyo vinavyotupatia mahindi mabichi, maharage na mboga wakati mashamba ya mlimani yamekauka. Akina mama hao walisema maji ya mfereji wao yananuka, na watoto wanaowasaidia kumwagilia wana upele na kuhara. Tukaahidi kwenda.

Tulikwenda wanne. Tulipokuwa tukipanda kufuata mfereji, tulikuwa tumekwisha kuamua mioyoni mwetu ni nani mkosaji. Mmoja wetu alisema ni dereva wa gari la majitaka. Mwingine alisema ni machinjio. Tulikuwa hata tumeanza kutunga barua kali. Maji yakatupeleka kushoto, yakapita kichaka cha miwati, yakafika kwenye ukuta. Chini ya ukuta lilitokeza bomba. Na ukuta ule ulikuwa wa nyumba yetu wenyewe, taasisi ya Kanisa, ambayo hatutaitaja jina.

Karo lilikuwa limejaa siku nyingi. Fundi mmoja alikuwa ameweka bomba hilo liwe la muda tu, mpaka fedha zipatikane. Fedha zilipopatikana zilitumika kupaka rangi ukumbi, kwa sababu ukumbi huonekana na wageni na karo halionekani. Muda ule mfupi ulikuwa umekwisha kupita masika mawili.

Lililotuumiza zaidi ni hili. Mmoja wa akina mama wale alituambia kwa upole, bila hasira, kwamba mboga za vinyungu vile wanawauzia watu wa nyumba ile ile. Kila wiki huziingiza jikoni kwa mlango wa mbele, na uchafu hutoka kwa mlango wa nyuma.

Barua kali hatukuiandika. Tuliketi na wakuu wa nyumba ile, wakakubali kosa, karo likanyonywa na jingine kubwa zaidi likajengwa. Lakini hakuna aliyeweza kuwarudishia akina mama wale masika mawili ya watoto wagonjwa. Tuliwaomba msamaha, wakatusamehe. Tangu siku ile tumejifunza kufuata mfereji mpaka mwisho wake kabla ya kumnyoshea mtu kidole.

6. NENO LA NABII EZEKIELI

Katika sura ya 34 ya Ezekieli, Mungu anawahukumu wachungaji wabaya. Twaikumbuka sana sehemu hiyo. Lakini katika mstari wa 18 na wa 19 anageuka na kuwahukumu kondoo wenyewe, wale walionona. Anawauliza kama haiwatoshi kunywa maji yaliyo safi, hata wayavuruge kwa miguu yao yale yaliyobaki, na kondoo wengine walazimike kunywa yaliyokwisha kuvurugwa.

Tazameni jinsi swali hilo linavyokaa katika miji yetu iliyo juu ya vilima. Aliye juu hunywa kwanza. Aliye bondeni hupokea kilichobaki. Na kwa kawaida ni nani aliye bondeni? Ni mpangaji, ni mjane, ni kijana aliyetoka kijijini kutafuta kazi, ni mama wa vinyungu. Wala bonde haliishii hapo. Maji ya mto Ruhuji huenda Kilombero, na Kilombero huingia Rufiji. Miji yetu yote miwili imo katika Bonde la Rufiji. Mtu wa mbali ambaye hatutamwona kamwe huteka maji yaliyopita kwetu.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa Laudato Si' wa tarehe 24 Mei 2015, alifundisha kwamba kupata maji salama ya kunywa ni haki ya msingi ya kila binadamu, kwa kuwa bila maji hakuna uhai, na bila uhai haki nyingine hazina mahali pa kusimama. Nao Umoja wa Mataifa, tarehe 28 Julai 2010, uliitambua haki ya maji pamoja na haki ya usafi wa mazingira. Haki hizo mbili zilitajwa kwa pumzi moja, wala si kwa bahati.

Na tusidhani kwamba wakubwa peke yao duniani wamekuwa wepesi wa kuelewa. Mji wa London uliuawa na kipindupindu mara kwa mara tangu mwaka 1832, na maelfu ya maskini walikufa. Bunge halikuharakisha. Lakini katika kiangazi cha mwaka 1858 harufu ya mto Thames iliingia katika ukumbi wa Bunge lenyewe, lililojengwa kando ya mto, na katika muda mfupi sheria na fedha za kujenga mabomba vikapatikana. Hata hivyo mabomba yale yaliupeleka uchafu upande wa chini wa mto bila kuusafisha, karibu na watu wengine. Tusingoje harufu iwafikie wakubwa ndipo tuseme. Wala tusiridhike na kuuhamishia uchafu kwa jirani.

7. SHERIA INASEMAJE

Kiongozi wa walei hana budi kuzijua sheria za nchi yake, ili asiombe kama fadhili kile ambacho ni haki.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mkazi wa Tanzania haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu kuidai haki hiyo. Inafuata pia kanuni kwamba anayechafua ndiye agharimie. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka mtu anayetiririsha majitaka katika mto awe na kibali kutoka Bodi ya Maji ya Bonde, ambayo kwetu ni Bodi ya Bonde la Rufiji. Na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu mwananchi kuomba taarifa zilizo katika ofisi ya umma, na ofisi imewekewa siku 30 za kujibu.

Sheria ile ya mwaka 2004 inakataza pia shughuli za kibinadamu ndani ya meta 60 kutoka kingo za mto. Twaunga mkono kutunza vyanzo vya maji. Lakini twaomba haki iwe na macho mawili. Meta 60 zikitajwa kwa mama wa vinyungu mwenye jembe, zitajwe pia kwa mwenye hoteli, mwenye karakana ya kuoshea magari, na mwenye taasisi aliyeelekeza bomba lake mtoni.

Je, mtu mdogo aweza kushinda? Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliokuwa wakiteswa na moshi, nzi na harufu ya jalala, walilishtaki Jiji katika Mahakama Kuu, na Mahakama ikaamuru utupaji ule ukome. Jiji liliomba muda wa kuendelea, na likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa ombi hilo, akionyesha kwamba kuhatarisha afya ya watu ni kugusa haki ya kuishi iliyomo katika Ibara ya 14 ya Katiba. Wale hawakuwa matajiri. Walikuwa majirani waliosimama pamoja. Hata hivyo mahakama ni njia ya mwisho. Kwanza kuna mazungumzo, na mengi huweza kwisha hapo.

8. TUFANYE NINI

Kwanza, nyumbani. Kila familia iwe na choo chenye sakafu inayosafishika, mfuniko, na mahali pa kunawa kwa sabuni. Nguruwe wafungwe bandani. Mwenye nyumba ya kupangisha asipokee kodi ya watu ishirini wanaotumia shimo moja lililojaa. Hiyo ni dhambi dhidi ya haki, nayo iungamwe. Kwamba tunaweza, si jambo la kubuni: Halmashauri ya Wilaya ya Njombe imetajwa mara kadhaa miongoni mwa washindi wa mashindano ya taifa ya usafi wa mazingira.

Pili, katika Jumuiya. Tunapotembelea wagonjwa na wazee, tutazame pia choo chao. Mzee asiyeweza kuchimba achimbiwe na vijana. Majirani watatu au wanne wanaweza kuchanga wakaita gari la kunyonya majitaka kwa siku moja, na gharama ikapungua. Wale vijana wanaofanya kazi ya kuzoa vyoo kwa mikono, mara nyingi usiku na bila viatu, tusiwadharau. Tuwalipe ujira wa haki na tuwadai wavae glovu na buti.

Tatu, katika parokia na taasisi zetu. Kila parokia, shule, zahanati na nyumba ya watawa ikague makaro yake kila mwaka, na bajeti ya karo isomwe mbele ya waamini sawa na bajeti ya ujenzi wa kanisa.

Nne, katika mji. Mikutano ya Mtaa ni yetu. Tuhudhurie, tuulize kwa heshima maswali haya: gari linalonyonya karo langu linamwaga wapi? Ni ardhi gani iliyotengwa kwa ajili ya mabwawa ya majitaka, na imepimwa? Katika mpango wa maji, fungu la majitaka ni kiasi gani? Madiwani wengi ni waumini wenzetu. Tuwasaidie kwa maswali mazuri, kwa kuwa swali la wananchi humpa diwani nguvu katika kikao.

HITIMISHO

Elisha hakuwaambia wazee wa Yeriko wauhame mji wao. Aliomba chombo kipya na chumvi, akaenda mpaka kwenye chemchemi yenyewe, na Mungu akayaponya maji. Nasi twaombwa kwenda mpaka kwenye chanzo, hata kama chanzo hicho kiko nyuma ya ukuta wetu.

Kristo alipoulizwa jirani ni nani, alijibu kwa habari ya mtu aliyekuwa akiteremka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Katika miji yetu ya vilima, jirani yetu ni yule aliye chini yetu kwenye mteremko. Mungu atujalie kumwona.  

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Maji yanayotoka nyumbani kwetu yanakwenda wapi? Nani anayakuta huko yanakokwenda?
2. Someni Ezekieli 34:17-22. Katika mtaa wetu ni nani wanaokunywa kwanza, na ni nani wanaoachiwa maji yaliyovurugwa?
3. Je, kuna mtu mwenye kifafa tuliyemtenga? Tutamrudishaje katikati yetu?
4. Karo la parokia yetu lilikaguliwa lini mara ya mwisho?
5. Tumchague nani kutuwakilisha katika mkutano ujao wa Mtaa, na aulize swali gani?